Santos-Dumont na Eropleni ya Mianzi

Utoto wake

Katika nchi ya Brazili, iliyo upande wa kusini wa bara la Amerika, alizaliwa mtoto mwanamume tarehe 20 Julai, 1873, mahali paitwapo Cabangu katika jimbo la Minas Gerais. Jina lake aliitwa Alberto Santos-Dumont. Baba yake, Henrique Dumont, alikuwa mhandisi, na wakati ule alikuwa akisimamia ujenzi wa reli. Baadaye alihamia jimbo la São Paulo, akanunua ardhi, akapanda mibuni mingi mno, hata akahesabiwa miongoni mwa wakulima wakubwa wa kahawa wa nchi ile. Shamba lake lilikuwa kubwa hata likawa na reli yake lenyewe, na magari ya moshi ya kuchukulia mavuno.

Alberto alikuwa mtoto wa sita katika watoto wanane. Alikuwa mdogo wa mwili, mpole, mwenye haya, wala hakupenda michezo ya vishindo. Lililompendeza ni mitambo. Alipokuwa na umri wa miaka 7 aliruhusiwa kuendesha mitambo ya mvuke yenye magurudumu makubwa, iliyochukua buni kutoka mashambani. Na alipopata miaka 12 alikuwa akiendesha gari la moshi lenyewe.

Katika majumba ya kahawa palikuwa na mashine za kila namna: za kuosha buni, za kukausha, za kukoboa, na za kuchekecha. Alberto alikuwa akikaa humo na kutazama kila kitu kinavyokwenda. Aliona ya kuwa chekeche zilizokwenda huko na huko kwa kutikisika ziliharibika kila mara, na mafundi hawakupata kupumzika kwa kuzitengeneza. Lakini mashine zilizozunguka kama gurudumu zilidumu bila matata. Hivyo mtoto alijifunza mapema ya kuwa nguvu peke yake hazitoshi. Mtambo mwema ni ule usiojivunja wenyewe kwa mtikisiko wake. Mafundisho hayo yalimfaa sana baadaye.

Watoto wa nyumbani walipenda mchezo mmoja. Walikaa kuizunguka meza, na mmoja wao akataja kiumbe baada ya kiumbe, akiuliza kama kinaruka. Akitaja njiwa, wote huinua kidole. Akitaja mbwa, na mtu akainua kidole kwa kusahau, mtu huyo hulipa faini. Kila mara alipotajwa mwanadamu, Alberto aliinua kidole chake juu bila kusita, wala hakukubali kulipa faini. Wenzake walimcheka, naye kadiri walivyomcheka ndivyo alivyozidi kushika neno lake. Alikuwa akisoma vitabu vya Jules Verne, Mfaransa aliyeandika hadithi za safari za ajabu za angani na za chini ya bahari. Akatengeneza tiara, na vyombo vidogo vya mianzi vyenye rafadha, yaani mapanga ya kuzunguka kama yale ya meli, iliyozungushwa kwa mpira uliosokotwa.

Wasia wa baba

Siku moja baba yake alianguka kutoka gari la farasi, akapooza. Akauza shamba lake, na mwaka wa 1891 akaenda Ulaya pamoja na jamaa zake kutafuta matibabu. Huko Paris, mji mkuu wa Ufaransa, Alberto aliingia katika maonyesho ya mitambo, akaona kwa mara ya kwanza injini ya petroli ikifanya kazi. Alisimama mbele yake muda mrefu asiweze kuondoka. Injini za mvuke alizozizoea zilikuwa nzito, zenye kuhitaji maji na kuni. Hii ilikuwa ndogo, na chakula chake kilikuwa mafuta kidogo tu. Akafikiri moyoni mwake ya kuwa kitu kama hiki chaweza kuchukuliwa hewani.

Mwaka wa 1892 baba yake, alipoona ya kuwa siku zake si nyingi, alimpa sehemu yake ya urithi. Akamwusia aende Paris, asijisumbue kutafuta cheo cha udaktari, bali amtafute mwalimu wa kumfundisha fizikia, kemia, umeme na ufundi wa mitambo, kwa kuwa mambo ya dunia ijayo yatategemea mitambo. Mwaka ule ule mzee akafariki. Alberto alishika wasia ule. Akapata mwalimu huko Paris, akasoma kwa bidii miaka kadhaa.

Baluni ndogo kuliko zote

Zamani zile watu walikuwa wamekwisha kupanda hewani kwa baluni, yaani mfuko mkubwa wa kitambaa uliojazwa gesi iliyo nyepesi kuliko hewa, na chini yake kikapu cha watu. Tarehe 23 Machi, 1898, Santos-Dumont alipanda baluni kwa mara ya kwanza pamoja na fundi mmoja wa kazi hiyo. Aliporudi chini alikuwa amekwisha kukata shauri: atajengewa baluni yake mwenyewe.

Mafundi walipoisikia hesabu yake walicheka. Baluni zao zilikuwa kubwa, naye alitaka ndogo mno, yenye ujazo wa mita 113 tu. Tena hakutaka kitambaa kizito walichokizoea, bali alitaka hariri nyembamba ya Japani. Walimwambia ya kuwa hariri ile itapasuka. Yeye hakubishana nao kwa maneno. Alichukua kipande cha hariri akakipima kwa chombo cha kupimia nguvu za kuvuta, na ikaonekana ya kuwa hariri ile yastahimili kuliko walivyodhani wote. Hapo wakanyamaza, wakaanza kazi. Hariri ilipokwisha kupakwa vanishi mara tatu ilikuwa na uzito wa kilo 14, na kikapu chake kilikuwa na uzito wa kilo 6. Mwenye kupanda naye alikuwa na uzito wa kilo 50 hivi. Baluni hiyo iliitwa Brazili, ikapaa tarehe 4 Julai, 1898. Ilipokunjwa aliweza kuichukua katika mfuko wake wa safari.

Hii ndiyo ilikuwa desturi yake tangu siku hiyo: kila kitu alikipima, na kila kilichozidi uzito bila faida alikiondoa. Lakini hakukitumia kitu chepesi kabla ya kukijaribu.

Merikebu za hewani

Baluni ina kasoro moja kubwa: yafuata upepo, haina hiari. Santos-Dumont alitaka kwenda atakako. Akafikiri kuutengeneza mfuko wa gesi uwe mrefu kama sigara, na kuutia injini, rafadha na usukani. Wenye ujuzi walimwonya ya kuwa mtikisiko wa injini utakata kamba zote, na ya kuwa moto wa injini utaiwasha gesi.

Kwa habari ya mtikisiko, alifanya jaribio ambalo hata mtoto aweza kulifahamu. Alfajiri moja alichukua baiskeli yake ya magurudumu matatu yenye injini, akaenda nayo msituni karibu na Paris, akaitungika kwa kamba katika tawi nene la mti, kisha akaiwasha. Ikaonekana ya kuwa baiskeli ikiwa inaning'inia haitikisiki sana kama itikisikavyo barabarani. Kwa habari ya moto, aliuelekeza mwanzi wa moshi wa injini chini, mbali na gesi.

Mwezi wa Septemba, 1898, merikebu yake ya kwanza ya hewani ilikuwa tayari. Urefu wake ulikuwa mita 25, na injini yake ilikuwa na uzito wa kilo 30 tu. Siku ya kwanza alisikiliza shauri la watazamaji, akaanza safari kwa kufuata upepo. Upepo na injini vikamsukuma pamoja, akaingia katika miti. Akaitengeneza merikebu, na baada ya siku mbili akaanza kwa kuukabili upepo kama alivyotaka mwenyewe tangu awali. Akapaa juu ya miti, akageuka kuume na kushoto, na watu wakashangilia.

Lakini alipokuwa akishuka, bomba la kujazia hewa halikuweza kuujaza mfuko upesi. Mfuko ukajikunja katikati kama kisu cha mfukoni, ukaanza kuanguka. Chini palikuwa na wavulana waliokuwa wakicheza na tiara. Santos-Dumont aliwapigia kelele waishike kamba ndefu iliyoning'inia, wakimbie nayo kuukabili upepo, kama wafanyavyo kwa tiara zao. Wavulana wakafahamu mara moja. Wakaishika, wakakimbia, na anguko likapunguzwa. Hivyo aliokolewa na watoto, kwa akili waliyoipata katika mchezo.

Kamani iliyolegea

Mwaka wa 1900 tajiri mmoja wa Paris, Henri Deutsch de la Meurthe, aliahidi zawadi ya faranga 100,000 kwa mtu yeyote atakayeondoka Saint-Cloud kwa chombo cha hewani, akauzunguka mnara mrefu wa Eiffel, na kurudi alikotoka kwa muda usiozidi dakika 30. Njia yote ilikuwa yapata kilometa 11.

Tarehe 8 Agosti, 1901, Santos-Dumont aliondoka kwa merikebu yake ya tano. Njiani aliona ya kuwa gesi yatoka katika kilango kimoja, kwa sababu kamani ya kukifungia ililegea. Alijua ya kuwa yampasa kushuka na kukitazama. Lakini saa ilikuwa ikienda, na safari ilikuwa njema, basi akaendelea. Akauzunguka mnara. Alipokuwa akirudi mfuko ukapungua na kulegea, waya zikashuka zikaanza kukatwa na rafadha, ikambidi azime injini. Upepo ukamrudisha nyuma, akaanguka juu ya mapaa ya majumba marefu ya Trocadéro. Mfuko ukapasuka kwa kishindo. Kiunzi cha mbao kilikwama kati ya paa na ukuta, naye akabaki akining'inia katika kikapu chake, mpaka askari wa zimamoto walipomvuta juu kwa kamba. Merikebu nzima iliharibika kwa ajili ya kamani ndogo.

Jioni ile ile alitoa amri ya kujenga nyingine, ikawa tayari kwa siku 22. Tarehe 19 Oktoba, 1901, alijaribu tena, akapita juu ya mahali pa mwisho kabla ya dakika 30 kutimia, ila kamba yake ilishikwa baada ya muda kupita kidogo. Waamuzi wakabishana kwa siku nyingi, lakini watu wote wa Paris walikuwa upande wake, na mwezi wa Novemba akapewa zawadi. Fedha hizo hakujiwekea. Sehemu aliwapa wasaidizi wake, na sehemu aliwapa maskini wa Paris, wakakombolewa mafundi vyombo vyao vya kazi walivyokuwa wameviweka rehani.

Eropleni ya kwanza

Baada ya hayo Santos-Dumont aliazimu kuruka bila gesi, kwa chombo kizito kuliko hewa, yaani eropleni. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walikuwa wamekwisha kuruka tarehe 17 Desemba, 1903, lakini hawakufanya hivyo mbele ya makutano, na watu wengi wa Ulaya hawakuwasadiki.

Mwaka wa 1906 Santos-Dumont alitengeneza eropleni ya mianzi na hariri, mabawa yake kama masanduku yasiyo na vifuniko, naye akisimama katika kikapu. Kwanza aliijaribu kwa kuitungika katika waya na kuivutisha kwa punda. Kisha, tarehe 23 Oktoba, 1906, katika uwanja wa Bagatelle karibu na Paris, iliinuka chini, ikaruka yapata mita 60. Tarehe 12 Novemba iliruka mita 220 mbele ya watu wengi. Katika Ulaya jambo kama hilo lilikuwa halijaonekana.

Lakini mwenyewe hakuridhika. Eropleni ile ilikuwa kubwa na ngumu kuongoza. Yeye alitaka eropleni ndogo, nyepesi, ya bei nafuu, ambayo mtu mmoja aweza kuijenga, kuichukua, kuiendesha, na kuiangalia mwenyewe.

Demoiselle

Mwezi wa Novemba, 1907, alitoa chombo cha namna hiyo. Wafaransa waliita Demoiselle, maana yake binti, tena ni jina la kereng'ende, yule mdudu mwenye mabawa membamba arukaye juu ya maji. Mgongo wake wote ulikuwa mwanzi mmoja tu. Uzito wake haukufika kilo 60. Iliruka, lakini mgongo ule haukuwa na nguvu za kutosha. Akahamisha injini akaiweka chini, akazungusha rafadha kwa mkanda, haikufaa. Akairudisha injini juu. Kwa njia hiyo ya kujaribu, kuvunja na kutengeneza, alifika mwaka wa 1909 kwenye Demoiselle iliyo bora.

Hiyo ilijengwa hivi. Mgongo wake ulikuwa mianzi mitatu iliyopangwa kwa umbo la pembe tatu, maana pembe tatu haipotoki upesi kama umbo la pembe nne. Mianzi hiyo ilishikwa pamoja kwa vipande vya chuma, ikakazwa kwa waya za kinanda, ambazo ni nyembamba lakini zina nguvu nyingi. Mwanzi ni mwepesi kwa kuwa ndani ni mtupu, na vifundo vyake vyauzuia kubonyea. Mabawa yalikuwa na boriti za mti mgumu na mbavu za mianzi, yakavikwa hariri juu na chini. Upana toka ncha ya bawa moja hata ncha ya bawa la pili ulikuwa kati ya mita 5 na 6, si zaidi ya chumba cha darasa. Mkia wake ulikuwa kama msalaba, nao uliungwa kwa kiungo kimoja kilichouwezesha kugeuka juu, chini, kuume na kushoto.

Injini yenye silinda mbili ilikaa juu ya mabawa, na rafadha mbele yake. Rubani alikaa chini, juu ya mkanda wa turubai uliofungwa nyuma ya magurudumu, karibu kugusa majani ya uwanja. Mkono mmoja ulishika gurudumu la kugeuzia mkia upande huu na huu, na mkono wa pili ulishika mti wa kuuinua na kuushusha. Kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, Santos-Dumont alishona mfuko mgongoni mwa koti lake, akatia humo fimbo iliyoungwa na waya za mabawa. Eropleni ilipolalia upande mmoja, yeye aliinamia upande wa pili, kama afanyavyo mtu yeyote anapokaribia kuanguka, na waya zikayapinda mabawa kidogo, chombo kikasimama sawa. Mwili wa rubani ulikuwa sehemu ya mtambo.

Tarehe 13 Septemba, 1909, aliruka kwa chombo hiki kutoka Saint-Cyr mpaka Buc, mwendo wa kilometa 8, kwa muda wa dakika 5, akaenda kumwamkia rafiki yake. Eropleni hiyo iliweza kufunguliwa vipande na kuchukuliwa juu ya motakaa.

Kazi ya kuiangalia

Lakini chombo chepesi hakimsamehe mvivu. Katika gari zito, parafujo moja ikilegea, gari litakwenda. Katika Demoiselle hakukuwa na kitu cha ziada; kila mwanzi na kila waya ulikuwa na kazi yake, na ulipokosa kuifanya hapakuwa na mwingine wa kuusaidia. Injini ya silinda mbili hutikisa, na mtikisiko hulegeza parafujo. Hariri ikipata unyevu hulegea, na ikikauka hukaza. Mwanzi ukikaa juani hupasuka kwa urefu wake, na ufa mwembamba hauonekani ila kwa mtu atazamaye karibu na kupitisha vidole. Waya yaweza kuliwa na kutu mahali ilipopindwa, na nje ikaonekana nzima. Basi kabla ya kila safari ilipasa kupitia kila kitu kimoja kimoja, na baada ya safari kupitia tena.

Santos-Dumont aliyajua hayo yote, hata hivyo yalimpata. Tarehe 4 Januari, 1910, alipokuwa akiruka kwa Demoiselle, waya moja ilikatika hewani. Bawa likakunjika, chombo kikaanguka chini. Kwa rehema ya Mungu alitoka na majeraha madogo tu. Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kuendesha eropleni.

Zawadi kwa watu wote

Ilikuwa desturi, na hata sasa ni desturi, kwamba mtu akivumbua kitu huomba hati ya serikali, ili mwingine asikitengeneze bila kumlipa. Wengi walidhani ya kuwa Santos-Dumont atafanya vivyo hivyo na kupata mali nyingi. Hakuomba hati. Aliwapa watu wote ruhusa ya kuijenga Demoiselle bila malipo. Mwezi wa Juni, 1910, michoro yake pamoja na vipimo vyote ilianza kuchapishwa katika gazeti moja la Marekani lisomwalo na mafundi, hata mtu aliye mbali na Paris aliweza kununua mianzi, hariri na waya, akaanza kazi katika banda lake. Viwanda navyo vilizijenga na kuziuza. Roland Garros, aliyekuwa mtu wa kwanza kuvuka bahari ya Mediterania kwa eropleni mwaka wa 1913, alianza kujifunza kuruka kwa Demoiselle.

Haikuwa eropleni rahisi kwa kila mtu. Ilijengwa kwa kipimo cha mwenyewe, naye alikuwa mtu mdogo. Mtu mzito ilimshinda kuinuka nayo vizuri. Lakini wengi waliona kwa macho yao ya kuwa eropleni si kazi ya serikali na matajiri peke yao, bali yaweza kuwa kazi ya mikono ya fundi mmoja mwangalifu.

Huzuni ya mwisho wake

Mwaka ule ule wa 1910 Santos-Dumont aliacha kuruka, kwa kuwa alishikwa na ugonjwa uliomtia kizunguzungu na kumdhoofisha. Alikuwa na umri wa miaka 36 tu. Mwaka wa 1914 vita kuu ilianza. Alikuwa akikaa pwani ya Ufaransa, akitazama nyota kwa darubini yake, na majirani wakamshuku ya kuwa ni mpelelezi wa Wajerumani. Polisi wakaipekua nyumba yake wasione kosa. Kwa uchungu alizitia motoni karatasi zake nyingi na michoro yake. Halafu akarudi Brazili, akajenga nyumba ndogo mlimani huko Petrópolis.

Lililomtesa kuliko ugonjwa ni habari za eropleni zilizotupa mabomu juu ya watu. Zamani, kabla ya vita, mwenyewe alikuwa ameahidi kuziweka merikebu zake za hewani chini ya amri ya Ufaransa vita ikitokea. Alipoona vita yenyewe ilivyo, moyo wake uligeuka. Mwaka wa 1926 aliwaandikia wakuu wa mataifa waliokutana huko Geneva, akiwaomba wakataze matumizi ya eropleni vitani. Ombi lake halikutimizwa.

Tarehe 3 Desemba, 1928, alipokuwa akirudi nyumbani kwa meli kutoka Ulaya, wataalamu kadhaa wa Brazili walipanda eropleni iliyopewa jina lake ili kumlaki bandarini Rio de Janeiro. Eropleni ile ilianguka baharini mbele ya macho yake, wakafa wote waliokuwamo. Mwaka wa 1932 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka katika Brazili, na eropleni zikaenda kuwapiga ndugu wa nchi moja. Santos-Dumont wakati huo alikuwa Guarujá, mji wa pwani ya São Paulo, amedhoofika kwa ugonjwa na huzuni. Akafariki huko tarehe 23 Julai, 1932, siku tatu baada ya kutimiza miaka 59.

Watu wa Brazili walimlilia kama baba. Mji ulio karibu na mahali alipozaliwa ulipewa jina lake. Katika nyumba ya ukumbusho wa mambo ya hewani huko Le Bourget, karibu na Paris, imetungikwa Demoiselle moja ya zamani, na wageni hustaajabu kwamba mtu mzima alikubali kukaa chini ya kitu chembamba namna ile.

Hata leo, katika nchi nyingi, wako watu wajengao eropleni nyepesi katika mabanda yao, kwa mabomba, waya na kitambaa, kama alivyofanya yeye. Nao hufuata njia ile ile: hupima kila kitu, hujaribu kabla ya kutumaini, na asubuhi, kabla ya kuruka, huzunguka chombo polepole wakigusa kila waya kwa mkono. Fundi akiona kamani imelegea, haendelei na safari. Santos-Dumont aliwaachia watu wote kazi yake bila kutaka malipo. Jinsi ya kuitumia aliwaachia waamue wenyewe, kwa wema au kwa ubaya, na ubaya walioufanya ndio uliomvunja moyo.